Imani haikatazi chanjo

Kati ya waamini wa Kivu Kaskazini, wenyeji na wahami wa vita, wako wanaosema kwamba mwenye imani ya kweli hahitaji chanjo. Maneno hayo yanafanana na sala, lakini yanaweza kuua.

Mkatoliki anayesema hivyo akumbuke Yambuku, mwaka 1976. Ebola ilipojulikana pale kwa mara ya kwanza, ilienea kupitia hospitali ya misioni ya kikatoliki. Masista walisali na kuhudumia wagonjwa. Imani haikukosekana. Kilichokosekana ni sindano safi: zilikuwa chache, zikatumiwa kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Mlipuko ule uliua watu 280, wakiwemo masista.

Munganga mkongomani, Jean-Jacques Muyembe, alifika pale kuchukua damu ya wagonjwa. Baadaye alishiriki kutafuta dawa iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Ebola iliposhika Beni na Butembo mwaka 2018, dawa hiyo iliokoa wagonjwa, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa.

Mungu hakuwa mbali na kazi hiyo, maana akili nayo ni zawadi yake. Mama aliyekimbia vita ana haki ya kuuliza: chanjo hii inakinga nini, na inaleta maumivu gani? Kuuliza si dhambi. Padri, mchungaji na munganga wamjibu wazi. Kisha asali, na mtoto achanjwe.