Mafinga Haikungoja Ukuta

Ndugu mwandishi, unadai Nyanda za Juu Kusini hazina kongano la viwanda kwa kuwa hakuna eneo lililopimwa na kuzungushiwa ukuta. Umesoma, lakini nusu. Mwaka 1890 mwanauchumi Alfred Marshall alieleza ujuzi unaoenea kwa ujirani wa viwanda, ukuta hakuutaja. Nenda Mafinga: msitu wa Sao Hill, mashine za kupasua mbao ziitwazo dingdong, wanoa misumeno, wapakiaji, madalali wa mbao, wote wanategemeana. Mbeya nako vinu vya mpunga wa Usangu vimevuta mafundi na wauza pumba. Kilichopangwa na dola, kiwanda cha karatasi Mgololo, ndicho kilichoyumba hadi kikabinafsishwa. Badala ya ukuta, watafiti sasa wanauliza nani anapanga bei ndani ya kongano. Hilo ungeliuliza, tungebishana vizuri.