Mvua na sola: mwanga kidogo tuugawe vizuri



Mvua imeingia, na swali ni lile lile katika kila kundi: «Mwalimu, sola yangu imekufa?» Jibu ni hapana. Haijafa, inakula kidogo tu. Paneli inakula mwanga, na wingu zito linaukata. Siku ya giza tunapata karibu moja ya kumi mpaka moja ya nne ya nguvu ya siku ya jua kali.

Hapa Koni mambo yanachekesha. Mvua hiyo hiyo inajaza Lufira na kuzungusha mashine za umeme pale chini ya lambo, na hiyo hiyo inafunika jua juu ya mabati yetu. Mwenye waya anaishangilia; mwenye paneli anahesabu.

Basi tuhesabu pamoja. Paneli ya wati 50, siku nzuri, inaweka katika batri karibu wati-saa 200. Siku ya mawingu mazito, tuseme 40. Hizo 40 zinatosha nini? Taa ya wati 5 kwa masaa matatu ya masomo ni 15. Taa nyingine kama hiyo jikoni masaa mawili ni 10. Kuchaji simu moja kubwa ni karibu 15. Jumla 40, imeisha. Lakini televisheni ya wati 40 ikiwaka saa moja tu, imemeza siku nzima, na mtoto anabaki gizani na daftari lake.

Ndiyo sababu ninaandika. Mvua zetu zinaanza karibu mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kwenda mpaka wa nne. Hiyo ni sehemu kubwa ya miezi ya masomo. Mtoto asiyesoma jioni miezi hiyo, tunamwona kalasini asubuhi. Kwa hiyo taa ya masomo iwe ya kwanza, simu ya pili, televisheni ingoje jua.

Tuangalie na batri. Zile nzito za asidi hazipendi kumalizwa. Zikishuka chini ya nusu mara kwa mara, au zikikaa siku nyingi bila chaji, zinaharibika kabisa. Regilatere ikionyesha taa nyekundu, zima kila kitu. Usiruke regilatere ili upate saa moja zaidi, maana batri mpya itakula fedha yote ya likelemba.

Mvua ina wema wake pia. Inaosha vumbi jekundu na masizi ya moto wa porini yaliyoshika kioo wakati wa kiangazi. Na paneli baridi inafanya kazi vizuri kuliko ya moto. Kwa hiyo jua likitoka kati ya mvua mbili, tumia saa hiyo kuchaji simu mchana, kusudi batri ibaki kwa usiku. Paneli iinamishwe kidogo, iangalie kaskazini, ili maji yateremke na uchafu usikae. Kata matawi ya mwembe yanayoitilia kivuli: hata kivuli kidogo kinapunguza sana.

Kama uchafu umebaki, ngoja asubuhi ya ukavu, pangusa kwa maji na kitambaa laini. Hakuna mchanga, hakuna kupanda bati lenye maji. Radi ikianza kunguruma, watoto wasiguse nyaya.

Juma hili, kila kundi liandike kwenye karatasi: wati za paneli, wati za kila taa, masaa. Ibandikeni karibu na regilatere, na mtoto mkubwa awe mlinzi wa hesabu. Atajifunza kuzidisha, na nyumba haitalala gizani.

Mpaka juma lijalo.