Mvua Bado Haijaaga

Hapa Leicester ni Aprili na bado tunawasha hita asubuhi.

Mwezi uliopita niliandika juu ya fedha tunazotuma nyumbani kwa ajili ya ujenzi, na barua zenu zilikuwa nyingi. Msomaji mmoja wa Muscat aliuliza swali ambalo nimekaa nalo tangu hapo: nyumba tumeelewa, je, shamba? Mtu aliye mbali anaendeshaje shamba kwa simu? Nitamjibu kwa shamba ninalolijua, ekari moja ya mizabibu ya wazazi wangu kule Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma kwenye barabara ya Iringa. Naomba mjue mapema kwamba mwaka mmoja niliwahi kuliendesha kwa simu, na nililiharibu.

Kwa mliolelewa pwani, zabibu ni zile kavu za dukani zinazotiwa kwenye biriani. Kwetu Dodoma zabibu ni mti unaotaka samadi, waya, nguzo na mtu wa kuusimamia. Wamisionari Wakatoliki waliupanda Bihawana katika miaka ya 1950, na kutoka huko vipandikizi vikaenda shamba kwa shamba. Baba alipata vyake kwa jirani aliyewahi kufanya kazi misheni. Leo sehemu ya mavuno huuzwa mbichi barabarani na stendi, lakini mzigo mkubwa huenda viwandani kukamuliwa. Najua wengi wenu mvinyo hauingii majumbani mwenu, na mama yangu mwenyewe hajawahi kuuonja. Zabibu zilinisomesha hata hivyo.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wanafunzi wanaosoma kilimo huku watalipenda. Januari moja niliwapeleka watoto Kent kuona mashamba ya mizabibu. Tulikuta safu za vijiti vyeusi, hakuna jani hata moja. Mdogo akauliza kama imekufa. Haikuwa imekufa, ilikuwa imelala. Baridi ndiyo inayoulaza mzabibu wa Ulaya, na joto la masika yao ndilo linaloufungua macho, kwa hiyo wanavuna mara moja tu kwa mwaka, Septemba na Oktoba. Hofu yao kubwa ni baridi kurudi ghafla machipukizi yakishatoka. Aprili 2021 ilirudi hivyo Ufaransa, na wakulima wakakesha wakiwasha mioto midogo katikati ya safu ili hewa isigande. Wengi walipoteza hata hivyo.

Mzabibu wa Dodoma hauna baridi ya kuulaza. Kinachouamsha ni mkasi. Ukishaupogolea, matone ya maji yanadondoka kwenye kila kidonda, mpaka wenyeji husema unalia. Baada ya wiki moja na nusu au mbili macho yanachipua, baadaye kidogo maua yanatoka, na miezi minne hivi tangu siku ya mkasi unavuna. Ndiyo maana kwetu tunavuna mara mbili. Tukipogolea Oktoba au Novemba tunavuna Februari na Machi, mvua zikiwa zinanyesha. Tukipogolea mvua zikiisha, Aprili kuelekea Mei, tunavuna Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili si ndugu wa baba mmoja. Yale ya Februari ni ya kubahatisha: mawingu, unyevu, punje zinapasuka, ukungu unakula majani. Ya pili ndiyo familia inayategemea. Kuanzia Mei anga ni safi, jua la mchana ni kali na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kiasi cha kuvaa sweta. Zabibu zinaingia sukari taratibu na ngozi inabaki nzima. Viwanda vinazipenda hizo, na ada za shule zinalipwa kwa hizo.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Nilifikiri kwamba kwa kuwa mkasi ndio unaoanzisha hesabu, basi mwenye mkasi ndiye anayechagua siku.

Miaka michache iliyopita tulipata tiketi za bei nafuu, watu wanne, kufika tarehe 29 Julai na kuondoka tarehe 20 Agosti. Watoto walikuwa hawajawahi kuona mavuno. Walikuwa wameona picha tu, na wakubwa wao wawili walikuwa wamefikia umri wa kuanza kukataa safari za nyumbani. Nikahesabu kwa vidole. Ili tuvune mwanzoni mwa Agosti, mkasi uingie shambani mwisho wa Machi. Nikapiga simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Wajukuu hawajambo?"

Nikamweleza mpango wangu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mvua bado haijaaga."

Nikasema si itaaga tu karibuni, Aprili inakuja. Nikasema watoto wamekwisha waambia walimu wao. Nikasema, na hili linanichoma mpaka leo, kwamba fedha ya kupogolea nimekwisha ituma, ipo kwenye simu ya dada. Sikuitaja kama tishio. Lakini mzee mwenye miaka sabini na kitu, akiambiwa na mwanawe aliye Uingereza kwamba fedha imefika na wajukuu wanakuja, atasema nini? Akasema, "Haya, mama. Tutajaribu."

Walipogolea tarehe 28 Machi. Majirani walisimama njiani wakitazama, maana kwa kawaida wao ndio wanaomngoja Baba aanze ili nao waanze.

Mvua haikuaga Aprili yote. Majani machanga yalitoka yakakuta maji. Wiki ya tatu yakaonekana madoa ya manjano kama mafuta juu ya jani, na ukigeuza chini, ukungu mweupe. Baba akapulizia mrututu asubuhi, jioni mvua ikauosha. Akapulizia tena. Mwisho wa mwezi maua yakafunguka, na mvua ikapiga siku nne mfululizo juu ya maua. Ua la mzabibu ni dogo sana, hata halionekani kama ua, na likilowa wakati huo haliwi tunda. Linadondoka. Halafu siku za mawingu zikaleta ule ubwiri wa unga mweupe kwenye vichala vichache vilivyobaki, ikabidi kutafuta salfa, na salfa ilikuwa imepanda bei kwa sababu kila aliyekuwa na mboga bondeni alikuwa anaitafuta.

Haya yote niliyasikia baadaye. Kwenye simu Baba aliniambia, "Shamba lipo, mama. Njooni."

Tulikwenda. Siku ya kuvuna tuliamka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu zabibu huvunwa kabla jua halijazipasha moto. Watoto walipewa ndoo na visu vidogo, wakafundishwa kushika kichala kwa chini na kukata kikonyo bila kubana punje. Dada yangu alikuwa amepika uji. Wakata zabibu sita walikuwa wameitwa, kama miaka yote. Saa tatu kasoro kazi ilikuwa imekwisha. Mwaka wa kawaida ekari ile hujaza kreti mia na zaidi, na kazi huenda mpaka siku ya pili. Tulijaza kreti 31.

Binti yangu mkubwa akasimama katikati ya safu na ndoo yake akauliza, kwa Kiswahili chake cha Leicester, "Babu, zingine ziko wapi?"

Baba akamjibu, "Zilikwenda na mvua, mjukuu wangu," akamchumia kichala kimoja kizuri akamwambia akioshe kwanza.

Ng'ambo ya ua wa miba shamba la jirani lilikuwa limejaa vichala vigumu, vya kijani, vimeshonana. Yeye alipogolea mwishoni mwa Aprili, mvua ilipopungua, akalaza maua yake kwenye jua la Mei. Alivuna Septemba. Sisi tulikuwa tumesharudi, watoto wako darasani.

Fedha ya mavuno yale ilikuwa ya ada ya kidato cha tano ya mtoto wa dada yangu. Niliilipa mimi, na nililipa na salfa. Lakini kuna kitu ambacho sikuweza kukilipa. Msimu uliofuata majirani wawili hawakumngoja Baba. Walipogolea siku waliyoiona wenyewe. Dada ndiye aliyeniambia, Baba hajawahi kulitaja.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Muscat, na wengine mnaosaidia mashamba kutoka mbali, haya ndiyo tunayoyafanya sasa kwetu.

Fedha ya mkasi inafika mapema na inakaa. Wapogoleaji hulipwa papo hapo, na wazuri ni wachache. Siku Baba akisema kesho, kesho yake wanahitajika kabla hawajachukuliwa na shamba jingine. Zamani nilikuwa nangoja aniambie ndipo nitume, na nikikuta mshahara haujaingia, wiki inapita. Wiki moja ni kubwa katika jambo hili. Sasa dada anaikaa nayo tangu Machi, na mimi siulizi imetumika lini. Hilo la kutouliza lilinichukua muda kulizoea kuliko la kutuma.

Salfa na mrututu vinanunuliwa anga likiwa safi. Duka la pembejeo likishaona mawingu, hesabu yake inabadilika. Samadi nayo inasombwa wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Desemba, malori yakiwa yanapita na wafugaji wakiwa bado hawajaigawa kwenye mashamba yao ya uwele na mtama.

Na kama unapata fedha kwa vipindi visivyotabirika, kama wengi wetu tunaofanya kazi za zamu, usiipeleke kwenye mkasi. Ipeleke kwenye nguzo na waya. Mchwa wa Dodoma hawana msimu, wanakula nguzo mwaka mzima, na nguzo ikianguka Juni na vichala vikiwa juu yake, hasara yake ni kubwa. Nguzo haidhuriki ukiileta mapema au ukichelewa mwezi. Kaka yangu aliyeko Toronto, ambaye hutuma mara mbili kwa mwaka bila ratiba, tumempa nguzo. Anazihesabu kama ng'ombe.

Jambo lililobaki gumu ni kuuza. Vichala vyote vya Dodoma huiva karibu wakati mmoja, kila mtu anakimbilia kiwandani, na zabibu ikishakatwa haingoji. Mwaka mmoja kiwanda kimoja kilipokea mzigo wetu kikasema kitalipa baada ya wiki mbili. Zilikuwa wiki kumi na moja. Ndiyo maana baadhi ya wakulima wameanza kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu ukiwa kwenye matangi, maana mchuzi unaweza kungoja mnunuzi kuliko tunda. Sisi hatujafika huko. Tangi na mashine ya kukamulia ni fedha nyingi kwa ekari moja, na kushirikiana na majirani kunahitaji mtu kijana aliye pale. Dada anafikiria. Simsukumi, ingawa mnajua ninavyotamani.

Watoto je? Wakubwa walikataa kabisa, kama nilivyoogopa, lakini si kwa sababu ya kreti 31. Wana mitihani. Mdogo ndiye anayetaka kurudi, na mwaka huu tumekubaliana kwenda naye wiki ya mapumziko ya Oktoba. Hataona mavuno. Ataona mkasi, vijiti vilivyokatwa vikikusanywa, na mti ukidondosha maji.

Jumapili nilipiga simu kumsalimu Baba. Sikuuliza, lakini alijua ninachosikilizia.

"Jana usiku imenyesha tena," akasema. "Siyo ya nguvu. Upepo bado haujageuka."

Nikamwambia haya, Baba. Tukaongea habari za goti lake, na za mbuzi walioingia kwa jirani. Alipokuwa anakaribia kukata simu akauliza yule mdogo anatumia mkono gani, maana ule mkasi mwepesi alionao ni wa mkono wa kulia, na kama mtoto ni wa kushoto itabidi atafute mwingine kabla ya Oktoba.