Tusihukumu uzembe kwa kishindo cha anguko

Ndugu msomaji, katika mambo yanayomtia tabuni mwamuzi mwenye kuogopa hisabu, mojawapo ni kumhukumu mtu kwa kosa asilolikusudia. Mwizi alikusudia kuiba, na shahidi wa uongo alikusudia kusema uongo. Nia zao zikithibiti, kazi ya mwamuzi imepungua nusu. Lakini mzembe hakukusudia lolote. Kosa lake ni jambo alilopaswa kulitazama asilitazame, au hadhari aliyopaswa kuichukua asiichukue. Basi mwamuzi atakipimaje kitu ambacho hakikuwepo? Na atajuaje kwamba hakikuwepo kwa sababu ya uzembe, wala si kwa sababu hapana mwanadamu ambaye angekiweza katika nafasi ile?

Leo tumependa kulitazama suala hili kupitia mchezo ulio mbali nasi, nao ni mbio za farasi wakokotao vigari. Faida ya mfano wa mbali ni kwamba hatuna jamaa wala hasimu ndani yake, hivyo tunaweza kuipima haki bila ya mkono kutetemeka. Suala la kamari inayoizunguka michezo hiyo tunaliweka kando. Hukumu yake inajulikana kwa wasomaji wa ukurasa huu, na si mada yetu leo. Ama kushindanisha farasi kwenyewe, hilo si geni kwa wanazuoni wetu, ambao tangu zamani walieleza masharti yake katika vitabu vya fiqhi.

Katika mbio hizi mwendeshaji hampandi farasi mgongoni, bali huketi nyuma yake kwenye kigari chepesi cha magurudumu mawili, hatamu zikiwa mikononi. Farasi haruhusiwi kwenda shoti. Hupaswa kushika mwendo maalumu wa kuchapua miguu. Akiuvunja mwendo huo, mwendeshaji hana budi kumrudisha, na aghalabu matumaini ya kushinda huwa yamekwisha hapo. Viwanja vyake mashuhuri ni kama Vincennes jijini Paris, Solvalla jijini Stockholm, Meadowlands katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, Menangle huko Sydney nchini Australia, na Addington katika mji wa Christchurch, New Zealand.

Ili msomaji apate picha ya kasi yake, Julai 2022 farasi aitwaye Bulldog Hanover alikimbia maili moja hapo Meadowlands kwa dakika 1 na sekunde 45 na ushei. Mwendo huo ni takriban kilomita 55 kwa saa, yaani mita 15 kwa kila sekunde. Hata farasi wa kawaida, akiimaliza maili hiyo kwa dakika 2, hupita mita 13 kila sekunde. Sasa fikiria farasi kumi wakiwa katika mwendo huo, vigari vyao vikikaribiana kiasi cha gurudumu kutaka kugusa gurudumu, na kwato za aliye nyuma zikikanyaga karibu kabisa na mgongo wa mtu aliye mbele yake.

Tuhuma za uzembe huzaliwa katika msongamano huo. Mwendeshaji amebanwa kwenye ukingo wa ndani. Mbele yake yuko farasi aliyechoka, ubavuni yuko mwingine anayemzuia. Anaona upenyo, au anadhani ameuona, anamvuta farasi wake atoke nje. Ikiwa upenyo ulikuwepo, watu watamsifu kwa ushujaa. Ikiwa haukutosha, gurudumu litagongana na miguu ya farasi wa jirani, naye atavunja mwendo, au ataanguka na kumrusha mwendeshaji wake chini, mbele ya farasi wanaokuja. Mashindano yakimalizika, wasimamizi huwaita wahusika, huwasha picha za video, na swali huulizwa: je, huu ulikuwa uzembe?

Kanuni za mchezo huo hazichukulii makosa yote kuwa ni kitu kimoja. Nchini Australia, kwa mfano, kuendesha bila hadhari ni shitaka moja, na kuendesha kwa kutojali hatari iliyo wazi ni shitaka jingine lililo zito zaidi, seuze mchezo mchafu. Mpango huu unafanana na ule wanaoufahamu wanafunzi wa fiqhi, ambamo kosa la makusudi halikuwekwa daraja moja na kosa la bahati mbaya, japokuwa yote mawili yaweza kuacha maiti ile ile. Na kipimo cha uzembe hakipaswi kuwa kile ambacho bingwa wa mabingwa angekifanya, wala kile ambacho mtazamaji aliyeketi jukwaani angetamani kifanyike. Kipimo chake ni kile ambacho mwendeshaji mzoefu na mwenye busara angekifanya katika nafasi ile, kwa yale aliyoweza kuyaona wakati ule.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu. Sisi tunaona kwamba jambo linaloharibu zaidi hukumu za aina hii ni kuyatazama matokeo kwanza, kisha kulitafuta kosa litakalolingana nayo. Chukua waendeshaji wawili. Wa kwanza alitoka nje bila kutazama, lakini aliyekuwa ubavuni mwake akawahi kuvuta hatamu, na hakuna lililotokea. Wa pili alifanya vile vile hasa, ila jirani yake hakuwahi, farasi akaanguka, mtu akavunjika bega. Tendo ni moja na uzembe ni mmoja. Kilichotofautiana ni wepesi wa mtu mwingine. Lakini wa kwanza huenda akarudi nyumbani bila kuulizwa neno, na wa pili atakutana na nyuso zilizokunjamana hata kabla hajafungua mdomo. Madhara yana mahali pake, nayo ni katika kupima uzito wa adhabu na haki ya aliyeumia. Mahali pake si katika kuamua kama mtu alikosa. Mwenye kuanza na kishindo cha anguko amekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Jambo la pili ni picha za video. Hapana shaka kwamba zimeleta kheri kubwa. Zamani lilikuwa neno la huyu dhidi ya neno la yule. Leo tukio huonekana kwa kamera ya ubavuni na kwa kamera ya mbele. Hata hivyo, kamera nayo ni shahidi, na kila shahidi ana upungufu wake. Picha ya ubavuni huonyesha nani alikuwa mbele ya nani, lakini huficha ni kiasi gani farasi alihama kutoka mstari wake. Picha ya mbele huonyesha kuhama huko, lakini huwafanya farasi waonekane wamebanana kuliko ilivyo kweli, kwa kuwa lenzi ya mbali huufupisha umbali. Na lililo kubwa kuliko yote ni kuipunguza kasi ya picha. Sekunde moja ikitazamwa kwa nusu dakika, huonekana kana kwamba mwendeshaji alikuwa na nusu dakika ya kufikiri, ilhali alikuwa na sekunde moja, akikitazama kisogo cha mtu wa mbele yake, vumbi au matope usoni, na nyuma yake hana macho. Kwa hiyo picha iliyopunguzwa kasi itumike kujua lililotokea. Ama kujua lililowezekana kufanywa, mwamuzi airudishe picha katika kasi yake ya asili, aitazame hivyo, ndipo aseme.

Jambo la tatu ni kuchanganya maswali mawili. Agosti 2017, katika fainali ya Hambletonian hapo Meadowlands, ambayo ni miongoni mwa mashindano makubwa kabisa ya mchezo huu nchini Marekani, farasi What The Hill alifika wa kwanza. Waamuzi wakaona kwamba katika mkondo wa mwisho alimwingilia farasi Guardian Angel AS, naye akavunja mwendo. What The Hill akaondolewa ushindi akawekwa nafasi ya tisa, na ushindi akapewa Perfect Spirit. Hatuna haja ya kuirudia kesi hiyo hapa, bali tuzingatie aina ya swali lililokuwa likijibiwa. Kumwondoa farasi katika nafasi yake ni kujibu swali hili: je, mwenzake alinyimwa njia iliyokuwa haki yake? Hilo laweza kujibiwa kwa ndiyo hata kama mwendeshaji hakuwa na la kulaumiwa, kwani farasi ni kiumbe mwenye matakwa yake, naye huweza kuyumba ghafla. Kumtia mwendeshaji hatiani ni swali jingine kabisa: je, yeye aliacha wajibu wake? Mwamuzi akiyafunga maswali haya mawili kwa kamba moja, atamrudishia haki mmoja kwa kumdhulumu mwingine.

Huenda msomaji akatuuliza: mkizidisha masharti namna hii, si kila mzembe atapata mlango wa kutokea? Kila mmoja atasema hakukusudia, na kila mmoja atasema farasi ndiye aliyevuta upande. Swali hili ni la haki, nalo linahitaji jibu. Kutokusudia hakumwokoi mtu katika tuhuma ya uzembe, kwani hakuna aliyemtuhumu kwa kukusudia. Na farasi akivuta upande, mwendeshaji ana wajibu wa kuacha kumhimiza na kumnyoosha. Ikiwa picha inaonyesha kwamba aliendelea kumhimiza huku farasi akimsogelea jirani, basi udhuru wake umeanguka wenyewe. Vilevile mtu anayetoka kwenye ukingo wa ndani ni juu yake kuwa na yakini kwamba nafasi ipo, wala si juu ya aliye nje kumpisha. Wenzake wanaokimbia naye wameziweka shingo zao mikononi mwake, na hiyo ni amana. Kumwachia mzembe aliyethibitika ni kuwadhulumu wote watakaokimbia naye kesho. Tunachokikataa sisi ni adhabu inayotangulia uthibitisho, na mzigo wa kuthibitisha u juu ya mwenye kudai.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani ahukumu. Nchini Australia wasimamizi huchunguza tukio, hufungua shitaka, na katika makosa ya namna hii wao wenyewe hutoa hukumu, huku aliyehukumiwa akiwa na haki ya kukata rufaa. Katika jimbo la Victoria rufaa hizo hupelekwa kwenye baraza maalumu lililoanza kazi mwaka 2019. New Zealand ilishika njia nyingine. Huko wasimamizi hufikisha shitaka mbele ya kamati isiyo yao. Tangu Julai 2021 usimamizi na uamuzi viko chini ya bodi moja ya uadilifu, lakini wanaoshitaki si wale wanaoamua.

Wanaotetea njia ya Australia wana hoja: mashindano ni mengi, wasimamizi wana ujuzi, na mwendeshaji anapata jibu lake mapema bila kusubiri. Pamoja na hayo, sisi tunaiona njia ya New Zealand kuwa karibu zaidi na uadilifu. Mtu aliyeliona tukio kwa macho yake, akakasirika au akashtuka, kisha akaandika shitaka, ni vigumu kumtaka dakika kumi baadaye ayasikilize maneno ya mshitakiwa kana kwamba hajaamua. Hatumtuhumu kwa ubaya. Tunasema tu kwamba ni mwanadamu. Rufaa ni dawa, lakini ni dawa ya baada ya ugonjwa. Mwendeshaji aliyefungiwa hana kipato kwa muda wote wa kufungiwa kwake, na farasi aliokuwa awaendeshe hupewa wengine. Akishinda rufaa miezi miwili baadaye, zile siku zake hazirudi.

Pale ambapo kutenganisha hakujawezekana, basi kuna mambo matatu ambayo hayagharimu kitu. Mshitakiwa aonyeshwe picha zote, wala si ile tu inayomkandamiza, kisha aachwe aeleze kwa utulivu alichokiona na sababu ya kutenda alivyotenda. Hukumu iandikwe pamoja na sababu zake: alipaswa kufanya nini, ni wakati gani, na ni kipi kilichoonyesha kwamba aliweza. Na adhabu ifuate kipimo kinachojulikana, ili bingwa mwenye jina na kijana aliyeanza jana wapimwe kwa mizani moja. Mwamuzi asiyeweza kuandika sababu ya hukumu yake, huenda hana sababu.

Ndugu msomaji, hatujaandika haya kwa ajili ya farasi wa Sydney au New Jersey peke yao. Barabarani kwetu gari likimgonga mtoto, ni mara ngapi umati humzunguka dereva na kumhukumu kwa damu iliyomwagika, kabla ya yeyote kuuliza alikuwa katika mwendo gani, na mtoto alitokea wapi? Huenda ikawa ni mzembe kweli. Huenda ikawa hata malaika wa madereva asingeliweza kusimama. Tofauti ya wawili hao haionekani katika damu. Inaonekana kwa kuuliza, na kuuliza kunahitaji subira.

Basi kila mmoja wetu aliyepewa dhamana ya kuamua baina ya watu, awe hakimu, mwalimu au mzazi, ajizoeze kulitenga tendo na tokeo lake, na kumsikiliza mtuhumiwa kabla ya kuikunja sura. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuhukumu kwa uadilifu, na atukinge na ulimi unaotangulia ujuzi. Amin.