Dada wa majuu akirudi shule, tumwache asome

Wiki tatu zilizopita dadangu alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ilikuwa barua kutoka chuo kimoja kule Minnesota, Marekani. Amekubaliwa kuanza shahada ya uzamili mwezi wa nane, na akimaliza atakuwa nesi praktishona. Ana miaka 34. Amekuwa nesi kwa miaka sita, na kabla ya hapo alikuwa akifanya ile kazi ambayo sisi wa huku huita "kuosha wazee" na kuicheka huku tukila pesa yake.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mjomba: "Hongera sana mama. Sasa ile pesa ya tanki itakuwaje?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana hata mimi nilikuwa nishaanza kupiga hesabu. Nusu ya kodi yangu hapa Umoja hulipwa na yeye. Shilingi 6,000 kila mwezi, tarehe tatu, bila kukumbushwa. Kabla neno hongera halijafika mdomoni, swali lililonijia lilikuwa: na ile 6,000 yangu je?

Kwa hivyo leo siwahubirii watu wengine. Najisema na mimi.

Tuanze na hii kazi yenyewe, kwa sababu shangazi naye aliuliza, "Si ashakuwa nesi? Anasomea nini tena?" Wengi wetu tunadhani nesi ni nesi. Nesi praktishona ni nesi aliyeongeza masomo mpaka sheria ikamruhusu kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Hapa kwetu ukienda zahanati ya mtaa ukahudumiwa na mtu wa koti jeupe anayesikiliza kifua na kukuandikia dawa, mara nyingi huyo si daktari, ni afisa wa kliniki. Kazi zao zinakaribiana. Tofauti ni njia ya kufika: afisa wa kliniki huingia kozi yake moja kwa moja, lakini huyu wa Marekani lazima awe nesi kwanza.

Mafunzo haya yalianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka wa 1965. Nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver waliona kuna sehemu ambazo watoto hawamwoni daktari, ilhali manesi wa afya ya jamii wapo na wanajua kazi. Wakaamua kuwaongezea ujuzi. Walipingwa, hata na manesi wenzao. Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, na wakati huo manesi wa aina hiyo Marekani walikuwa wamefika mamia ya maelfu. Katika zaidi ya nusu ya majimbo, nesi praktishona anaweza kuhudumia wagonjwa bila daktari wa kumsimamia. Minnesota ni mojawapo, ingawa lazima kwanza afanye masaa 2,080 akishirikiana na wenye uzoefu. Ukienda Texas, ambako pia kuna Wakenya wengi, ni lazima awe na mkataba na daktari. Kwa hivyo unayefikiria njia hii, usiulize tu "nisome wapi". Uliza pia utafanya kazi jimbo gani.

Sasa pesa, maana najua hapo ndipo mjomba anangoja. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka wa 2023 zinaonyesha nesi wa kawaida aliye katikati ya orodha ya mishahara alipata karibu dola 86,000 kwa mwaka. Nesi praktishona alipata karibu dola 126,000. Tofauti ni dola 40,000. Dola moja ikiwa kama shilingi 129, hiyo ni zaidi ya milioni tano kila mwaka, kabla ya ushuru.

Lakini kabla mtu hajaanza kuchora ramani ya nyumba ya ghorofa kijijini, kuna miaka ya katikati. Na hiyo miaka ndiyo tunaiogopa.

Mwenye digrii ya uuguzi huchukua kama miaka miwili au mitatu kupata uzamili. Ndani yake kuna mazoezi ya kliniki. Viwango vilivyowekwa mwaka wa 2022 vinataka masaa yasiyopungua 750 ya kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Fanya hesabu: ukienda siku mbili kwa wiki, masaa manane kila siku, hizo ni wiki 47. Kwa kawaida hulipwi hata senti. Vyuo vingine pia humwachia mwanafunzi ajitafutie msimamizi mwenyewe, anapiga simu kliniki moja baada ya nyingine kama mtu wa kuuza bima. Halafu kuna karo. Mkopo wa serikali unaoitwa Grad PLUS, ambao ulikuwa ukiziba pengo kwa wanaosomea shahada za juu, umefungiwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Mwenye visa ya mwanafunzi hata hakuwa akiupata.

Nilipomuuliza dadangu atawezaje, alinifungulia macho kuhusu jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Nesi wa hospitali kule hufanya zamu tatu za masaa 12 kwa wiki. Zamu hizo tatu hulipa nyumba, gari, bima na ushuru. Pesa inayokuja Kenya haitoki hapo. Inatoka kwa zamu ya nne, na wiki zingine ya tano. Ile 6,000 yangu, dawa za presha za mathe, karo ya kitinda mimba wetu, hayo yote ni usiku ambao angekuwa amelala.

Na ndiyo hiyo zamu ya nne ambayo shule inaichukua. Hawezi kuwa kliniki Jumanne na Alhamisi, asome usiku, na bado atuuzie Jumamosi yake. Kwa hivyo tusijidanganye kwa kusema "asome tu, Mungu atafungua njia". Akisoma, sisi tutakosa kitu. Swali ni kama tuko tayari kukosa.

Najua kuna atakayesema: wewe uliacha chuo, una haki gani ya kutetea masomo? Haki. Niliacha nikiwa mwaka wa tatu. Nimeandika zaidi ya mara moja kwamba digrii ni karatasi, na bado nasimama hapo kwa kiasi fulani. Kozi niliyoiacha, hakuna mtu aliyewahi kuniambia inafungua mlango gani. Hii ya dadangu mlango wake una jina, una leseni, na mshahara wake unajulikana kabla hujaingia darasani. Hizo ni karatasi mbili tofauti.

Ila kuna kitu sijawahi kuandika. Muhula nilioacha chuo, karo yangu ilikuwa imetumwa. Dadangu aliituma yote. Ilipitia kwa simu ya mtu mzima wa nyumbani, na kufikia siku ya usajili ilikuwa ishageuka mabati. Sikuambiwa. Yeye naye hakuambiwa. Nilikaa nje muhula mmoja, muhula ukawa mwaka, na baada ya hapo nikaona aibu kurudi. Simlaumu aliyefanya hivyo kwa kila kitu; ile nyumba ilikuwa ikivuja kweli. Lakini familia yetu ishakula digrii moja. Isile ya pili.

Tuwe wa haki pia kwa upande wa pili. Si kila nesi anafaa kukimbilia uzamili. Kuna wanaoingia kwa sababu mgongo unauma na zamu za usiku zimewachosha, wakidhani kiti cha ofisi kinawangoja. Kuna shule za mtandaoni zinazopokea yeyote mwenye kadi ya benki, halafu mwanafunzi anajikuta hana msimamizi wala msaada. Kuna miji ambako wanaotafuta kazi hiyo wamejaa, na nesi wa kawaida anayepiga ovataimu anawashinda pesa. Mtu aangalie chuo kimeidhinishwa, aulize ni wangapi hufaulu mtihani wa leseni, na ajue nani atamtafutia msimamizi kabla hajalipa chochote.

Ndiyo maana nilimuuliza kwa nini anataka. Sikutaka jibu la barua ya maombi. Aliniambia hospitalini kwao huja wazee wa Kikenya na Wasomali wanaotikisa kichwa kwa kila wanaloambiwa kwa Kiingereza, kisha wakibaki naye chumbani wanamuuliza kwa Kiswahili, "Amesema nini?" Yeye anawaelewa, mara nyingi anajua hata shida iko wapi. Lakini lazima angoje mtu mwingine aje aandike dawa. Amengoja miaka sita. Amechoka kungoja.

Kwangu mimi hiyo sababu inatosha. Na hata kama sababu ingekuwa pesa peke yake, bado ni maisha yake.

Kwa hivyo wewe kijana mwenzangu mwenye ndugu majuu, nakuomba mambo matatu. Moja, mwulize anafanya zamu ngapi kwa wiki. Wengi wetu hatujui, na hatujui kwa sababu tukijua tutaona haya kuomba. Mbili, kaeni mtenganishe shida na tamaa. Dawa za mathe ni shida. Karo ya mtoto ni shida. Simu mpya, mchango wa sherehe ya mtu mnayemjua kwa jina tu, na ndiyo, kodi ya jamaa wa miaka 26 mwenye mikono miwili, hizo zinaweza kupunguzwa au kuondolewa. Tatu, pesa ya shule iende shuleni. Kama ni karo, ilipwe kwa akaunti ya chuo, isizunguke kwa simu za watu.

Tanki nalo si tamaa. Shosho ana miaka 81 na bado anangoja watoto wa jirani wamchotee maji. Mjomba ana haki ya kuuliza. Kosa letu ni kudhani kwamba kila shida ya nyumbani lazima ivuke bahari ndipo ipate dawa. Kwenye lile kundi tuko watu wazima 11 tulio hapa Kenya. Kila mtu akitoa 3,000, hiyo ni 33,000. Wale wale 11 tulichanga zaidi ya hiyo kwa harusi mwezi wa nne, na hakuna aliyekufa njaa.

Basi nimeanza na mimi. Nimemwambia dadangu aache kutuma ile 6,000 kuanzia mwezi huu. Alinyamaza kidogo kwenye simu, akauliza, "Uko sure?" Nikamwambia niko. Sikuwa sure. Nimepata kijana wa boda wa kugawana naye nyumba. Anakoroma, lakini analipa kwa wakati. Halafu nikaandika kwenye kundi: "Tanki tununue sisi wa hapa. Naanza na 3,000." Nikaweka na risiti ya M-Pesa.

Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Mathe ndiye alikuwa wa kwanza kutuma yake, 500. Kufikia jana usiku tulikuwa watu wanne.

Mjomba ameona ujumbe. Tunamngoja.