Laptopu Hainunuliwi kwa Macho



Kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaoishi ughaibuni, na leo nitausema. Kijana wa nyumbani anayesoma usanifu majengo, au anayehariri video ili mkono uende kinywani, akiomba laptopu, wengi wetu hukimbilia dukani kununua mpya ya bei ya chini, iko kwenye boksi, inang'aa. Ndani yake kuna prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao na hifadhi ya GB 64. Jamani, hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 yenyewe inakidai! Sasa AutoCAD itakaa wapi? Hilo ni pambo, si zana ya kazi. Kijana anashukuru kwa adabu, halafu anarudi kupanga foleni kwenye kompyuta za chuo.

Nawasikia watakaosema eti "used" ni takataka za wazungu, na kwamba mpya ina garantii. Garantii ya duka la Leeds itamsaidia nini aliyeko Mbeya? Ofisi za huku hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na hizo ndizo za kuwinda: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Kwa kazi za 3D, tafuteni Dell Precision au HP ZBook yenye kadi yake ya picha. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za RAM, unaifikisha GB 32 kwa bisibisi tu. Ile Celeron mpya haioni ndani.

Takataka nazo zipo, tusidanganyane. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana. Hivyo wauzaji wanazo mashine za zamani za kuondosha, na chambo chao ni kibandiko cha "Core i7". Core i7-3520M ya mwaka 2012 ina viini viwili tu. Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina vinne na inaiacha mbali. Someni namba inayofuata baada ya kistari: hiyo 8 ndiyo kizazi. Sisi wauguzi hatumpimi mgonjwa kwa suti aliyovaa, tunampima presha.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, muulizeni kijana anatumia programu gani. Kisha dai kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 16 au nafasi ya kuongeza, na SSD. Hakikisha haina nenosiri la BIOS wala kufuli la kampuni iliyoimiliki, na tenga fedha ya betri mpya.

Kila siku tunawasema viongozi wetu kwamba wanapenda kukata utepe kuliko kuuliza kitu kitafanya kazi gani. Sisi na maboksi yetu yanayong'aa tunatofautiana nao wapi? Hela hizi zinatoka kwenye zamu za usiku. Zikanunue kazi, zisinunue picha ya kupokelea zawadi.

Naomba kuwasilisha.