Bastola ya Kiunoni na Amani ya Mtaa

Mzazi mmoja aishiye Marekani ametuandikia. Jirani zake wamemshauri achukue bastola na kuificha ndani ya nguo kila atokapo nyumbani, kwani, wasema, mhalifu huogopa pale asipojua nani ana silaha na nani hana. Anatuuliza: je, ni kweli kwamba mji ambao watu wake wengi wamejihami kwa siri hupungukiwa na uhalifu?

Jimbo la Florida lilipitisha mwaka 1987 sheria ya kumpa kibali kila aliyetimiza masharti. Mengine yakafuata, na leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai kibali chochote. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha sharti la New York lililomtaka mwombaji athibitishe haja yake ya pekee.

Hoja ya jirani hao ilipata nguvu mwaka 1997, pale wachumi John Lott na David Mustard walipoandika kwamba sheria hizo zilipunguza uhalifu wa nguvu. Lakini mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti lilipozipima takwimu hizo upya, liliona kuwa hazithibitishi kupungua wala kuongezeka. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyetofautiana na wenzake, naye kuhusu mauaji peke yake.

Ugumu uko wapi? Katika miaka ya 1990 uhalifu ulishuka Marekani nzima, hata New York na California zilizokuwa na masharti makali. Basi anayelitazama jimbo moja kabla na baada ya sheria huenda akaisifu sheria kwa jambo lililotokea kila mahali.

Utafiti wa John Donohue na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha kila jimbo na mfano wa jimbo hilo kama lingebaki bila sheria hiyo. Waliona kuwa baada ya miaka 10 uhalifu wa nguvu ulikuwa juu kwa asilimia 13 hadi 15. Wengine wangali wanaupinga, ila uzito wa ushahidi umeelemea upande huo.

Wala si lazima mwenye kibali awe mtu mwovu. Bastola inayotoka nyumbani kila siku huachwa ndani ya gari, ikaibwa, ikaingia mikononi mwa yule yule iliyokusudiwa kumzuia. Ugomvi wa barabarani, ambao ungeishia kwa matusi, huishia kwa maiti. Naye polisi, akidhani kila mtu ana silaha, huyaendea mambo kwa hofu.

Kwa hiyo tunamjibu ndugu yetu hivi: hofu yake ni ya haki, na sheria ya huko humruhusu. Lakini asiichukue silaha kwa kudhani kuwa anaupunguzia mtaa wake uhalifu, kwani hilo halijathibitika. Kwanza ajiulize itakaa wapi atakapolala, atakapoliacha gari, na atakapokasirika. Na watoto wake wataifikiaje. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Asiyekuwa na jibu la maswali hayo, na aiache dukani.